Jipu la Unyayo

Kuku akichechemea, wafugaji wengi wa nyumbani hukimbilia duka la dawa za mifugo na kurudi na unga wa kuchanganya kwenye maji. Siku zinapita, mguu uko vilevile. Kwanza mshike, mfunike kichwa kwa kitambaa atulie, kisha mtazame chini ya wayo. Mara nyingi utakuta kigaga cheusi cha duara, na ngozi inayokizunguka imevimba na ina joto.

Hilo ni jipu la unyayo. Msababishaji wake mkubwa ni bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, anayepatikana kwenye ngozi na kwenye matandazo, akisubiri mkwaruzo tu ili aingie.

Kinachomponza kuku ni usaha wake. Wa binadamu huwa majimaji, hivyo jipu hupasuka na kujitoa. Wa kuku hugandamana, ukawa bonge la manjano linalomeguka kama kiini cha yai lililochemshwa. Ndani ya bonge hilo hamna mshipa wa damu, na dawa aliyoinywa husafiri kwa damu. Itafikaje? Ndiyo maana nasisitiza: bonge lisipotoka, dawa ya kwenye maji ni hasara.

Vaa glavu, kwani bakteria huyu humwambukiza hata mtu. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi kwa dakika 10 hadi 15, kisha sugua taratibu kwa shashi. Kigaga kikibanduka na bonge likafuata, safisha kidonda kwa povidoni ayodini iliyozimuliwa, weka shashi safi, funga bandeji isiyobana vidole. Badilisha kila siku, na kuku akae pakavu.

Bonge likigoma, usichimbe kwa wembe. Chini ya ngozi ile kuna kano na mifupa, na maumivu yake ni makali. Hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo, mwenye ganzi. Mpelekee pia kuku ambaye uvimbe umepanda mguuni au ameacha kula. Akiandika antibayotiki, muulize mayai yasiliwe kwa siku ngapi. Miguu yote miwili ikivimba bila kigaga, pamoja na viungo vya juu, huenda ni ugonjwa wa bakteria aitwaye Mycoplasma synoviae, nao husambaa bandani. Usiuchukulie kama jipu.

Baada ya hapo, kagua banda. Majogoo na chotara wazito huumia wanaporuka kutoka kwenye fito za juu na kutua kwenye saruji. Shusha fito hadi nusu mita hivi, piga randa kingo zake, tandaza maranda makavu, ziba chombo cha maji kinachovuja. Angalia na chakula: anayekula mahindi meupe na pumba zake tu hukosa vitamini A, na ngozi ya wayo hupasuka upesi. Mpe mchicha au majani ya kunde kila siku.