Siyo Kiburi, ni Balehe: Sungura Jike Anapoanza Kuweka Mipaka Getoni

Wiki ile bumu lilipoingia, mimi na rumeti wangu tulinunua sungura jike mdogo, tukampa jina Bumu. Miezi miwili ya kwanza alikuwa mstaarabu kuliko sisi wenyewe: anakojoa kwenye beseni lake, kona ileile, kila siku. Alipofikisha kama miezi mitano, mambo yakageuka. Mkojo kitandani. Vidonge vya kinyesi kutoka mlangoni hadi chini ya meza ya kusomea. Ukiingiza mkono bandani kumwekea majani, anakoroma na kukurukia. Rumeti akatoa hukumu: "Bumu lenyewe huwa linaisha. Na huyu aishe, tupate mchuzi."

Najua hatuko peke yetu. Wanafunzi wanaofuga sungura kwenye vyumba vya kupanga, iwe Magadu, Mafiga au Kihonda, wengi hufika hapo, na kesi huishia kwa kofi au kwa sufuria. Kabla hujafika huko, elewa kwanza huyo mnyama anafanya nini.

Hajasahau choo

Sungura wa kufugwa siyo yule mjanja wa hadithi za bibi. Yule wa porini kwetu hachimbi shimo, hujilaza kwenye nyasi. Huyu wa bandani asili yake ni Hispania na Ureno, ambako huishi kwa makundi ndani ya mashimo, na kila kundi lina eneo lake. Mpaka wa eneo hilo hauna uzio, una harufu. Sisi wa Morogoro hili lisitushangaze. APOPO wapo hapa SUA tangu mwaka 2000, wakifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye kifua kikuu. Kwa wanyama hawa pua ndiyo inayosoma.

Sungura hubalehe kati ya miezi 4 na 6, na aina ndogo huwahi zaidi. Homoni zikipanda, anaanza kuandika jina lake kila mahali. Anasugua kidevu kwenye miguu ya meza, maana chini ya kidevu kuna tezi ya harufu ambayo sisi hatuinusi. Anatawanya vidonge vikavu kwenye mipaka. Anakojolea vitu laini vyenye harufu yako, na godoro ndiyo namba moja. Dume hurusha mkojo zaidi, lakini na jike hufanya. Huyo siyo mkaidi. Anasema tu: hapa ni kwangu.

Usifanye haya

Usimpige wala kumsukumia pua kwenye mkojo. Hataunganisha kipigo na kosa, ataunganisha kipigo na wewe, na sungura mwenye hofu huongeza alama.

Usimwage dawa ya klorini juu ya mkojo. Mkojo una amonia, na vikikutana hutoa hewa ya sumu, tena kwenye chumba chenye dirisha moja.

Na usimletee dume "ili atulie". Sungura jike hana haja ya kusubiri siku zake. Kupandwa kwenyewe ndiko kunakochochea yai kutoka. Mimba ni kama siku 31, kwa hiyo kabla ya testi ya pili utakuwa na familia nzima getoni.

Fanya haya

Kwanza, punguza eneo. Chumba kizima ni shamba kubwa mno la kulinda. Mrudishe kwenye kona yenye uzio, kisha mwongezee nafasi kidogo kidogo kadiri anavyotumia beseni.

Pili, weka beseni pale anapopenda kukojoa, siyo pale unapopenda wewe. Tandika magazeti na nyasi kavu, maana sungura hupenda kula huku anajisaidia. Tupia humo vidonge vyake na karatasi yenye mkojo, ajue choo ni kipi.

Tatu, safisha alama kwa siki iliyochanganywa na maji. Banda lake safisha akiwa nje, ukibakiza nyasi kidogo zenye harufu yake. Ukifuta kila kitu, ataanza kuandika upya.

Nne, ziba njia ya kitandani. Wakati wa kumlisha, usipeleke mkono usoni pake. Mpe kutokea pembeni.

Halafu jifunze kutofautisha alama na ugonjwa. Mkojo mzito kama maziwa, au wa rangi ya chungwa kutokana na majani aliyokula, mara nyingi ni wa kawaida. Lakini akijikamua, akatoa matone matone, au ukaona damu, hiyo siyo mipaka. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Suala la upasuaji

Hayo yote yanapunguza tatizo. Kinachogusa chanzo ni kumhasi, yaani upasuaji wa kutoa ovari na mfuko wa uzazi. Hapa ndipo rumeti alipoguna: "Tumlipie sungura upasuaji?" Swali lake ni la haki, lakini hesabu haiishii kwenye godoro. Jike asiyehasiwa, kadiri anavyozeeka, yuko kwenye hatari kubwa ya saratani ya mfuko wa uzazi. Ni moja ya magonjwa yanayojulikana sana kwa sungura jike.

SUA tuna hospitali ya wanyama ya kufundishia, kwa hiyo pa kuanzia pa kuuliza papo. Popote utakapokwenda, uliza kwanza kama daktari ameshawahi kumpasua sungura, maana dawa za usingizi humpata tofauti na mbwa. Usimshindishe njaa kabla ya upasuaji. Sungura hatapiki, na tumbo lake halitakiwi kukaa tupu. Akirudi nyumbani akapitisha nusu siku bila kula, mrudishe haraka. Na usitegemee muujiza kesho yake, kwani homoni huchukua wiki kadhaa kushuka. Ukichelewa sana, alama huwa mazoea hata baada ya homoni kuondoka.

Bumu alipasuliwa wakati wa likizo. Ilitugharimu viatu vyangu na simu ambayo rumeti alikuwa anaidunduliza. Baada ya mwezi hivi godoro lilikuwa kavu, ingawa mgeni akija bado anaacha vidonge viwili vitatu mlangoni, kama mlinzi anayesaini daftari.

Kama uko sokoni sasa hivi unamwangalia sungura mdogo, laini, wa bei ya chipsi mayai mbili tatu, hesabu na miezi mitano ijayo. Bei yake halisi ni pamoja na upasuaji. Ukiona huiwezi, mwache pale alipo. Hiyo nayo ni huruma.