Nehemia na Wageni wa Todonyang

Fungueni pamoja nasi kitabu cha Nehemia, sura ya 2, kuanzia mstari wa 11. Jambo tunalotaka kulitazama leo ni hili: mtu akitoka nchi ya mbali kuja kuwasaidia watu, bila mshahara, kwa moyo wa kujitolea tu, msaada wake huwa baraka kwa njia gani, na huwa mzigo kwa njia gani?

Swali hili linatuhusu. Makanisa mengi ya kwetu yana marafiki Ulaya na Marekani, na kila mwaka, hasa kati ya Juni na Agosti shule zao zinapofungwa, barua huja: vijana kumi na wawili wangependa kuja kufanya kazi ya Mungu kwa majuma mawili, je, mna kazi gani ya kuwapa? Wazee wa kanisa huona vigumu kukataa. Mara nyingi hujibu "karibuni" kwanza, ndipo waanze kutafuta kazi. Basi, tuitazame barua ya namna hiyo kana kwamba vijana hao wanataka kufika Todonyang.

Wengi wenu hamjafika huko. Todonyang iko kaskazini mwa Turkana, ukingoni mwa ziwa upande wa magharibi, mahali ambapo Kenya inapakana na Ethiopia, karibu na Mto Omo unapomwaga maji yake ziwani. Kutoka Lodwar ni safari ndefu ya gari kupitia Lokitaung, mahali palepale ambapo Mzee Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa katika miaka ya 1950. Nchi ni kame. Maji ya ziwa yana magadi na floridi nyingi, na kwa hiyo watoto wengi wa pwani ile wana meno yaliyogeuka rangi ya kahawia. Watu ni Waturkana, wafugaji wa mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia, na wengi sasa ni wavuvi. Jirani zao upande wa Ethiopia ni Wadassanech, ambao Wakenya huwaita Wamerille. Jamaa hizi mbili huuziana samaki, nafaka na mifugo, na pia wamemwaga damu ya wao kwa wao miaka mingi, kwa ajili ya mifugo, malisho, na sasa nyavu na sehemu za kuvulia.

Kujitolea kwenda ng'ambo si jambo geni Afrika Mashariki. Shirika la VSO la Uingereza lilianza mwaka 1958. Peace Corps ya Marekani ilianzishwa mwaka 1961, na mwaka huohuo Tanganyika ilikuwa mojawapo ya nchi za kwanza kupokea watu wake, wapimaji wa ardhi na wahandisi wa barabara. Hao walikuja na ufundi, wakakaa kama miaka miwili. Tangu hapo usafiri wa ndege umekuwa rahisi, na muda wa kukaa umefupika hata kufikia majuma mawili. Hapo ndipo mambo yalipobadilika, kwa maana mtu wa miaka miwili hujifunza lugha, lakini mtu wa majuma mawili hujifunza majina tu, tena si yote.

Sasa tumtazame Nehemia. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani, akila vizuri, akiishi mbali kabisa na Yerusalemu. Ndugu yake Hanani alipofika, Nehemia ndiye aliyeuliza habari za watu waliosalia. Aliposikia alilia, akafunga, akaomba, na kama mkisoma majina ya miezi mtaona kwamba yapata miezi minne ilipita kabla hajasema neno mbele ya mfalme. Kisha aliomba barua za ruhusa kwa maliwali wa njiani, na barua nyingine ya kupata miti. Hata hilo lina somo kwetu: mgeni anayekuja Kenya kufanya kazi, hata ile isiyo na mshahara, anahitaji kibali cha serikali, na kumpitisha kama mtalii ni kuanza kazi ya Mungu kwa uongo.

Alipofika Yerusalemu alikaa siku 3. Halafu akaondoka usiku, na watu wachache tu, akiwa na mnyama mmoja, akazizunguka kuta akiangalia palipobomoka na palipoteketea. Hakuwa amemwambia mtu lolote. Mpango aliwaeleza wenyeji baada ya kutazama, nao ndio waliojibu kwamba wataanza kujenga. Katika sura ya 3 kila mtu anajenga mbele ya nyumba yake: makuhani, wafua dhahabu, wafanya manukato, na mtu mmoja aliyeitwa Shalumu pamoja na binti zake.

Twaomba mlikumbuke hilo la kutazama kwanza, maana Turkana imeona gharama ya kutotazama.

Mnajua pengine habari za Kalokol, upande huohuo wa ziwa, kusini ya Todonyang. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ya Norway iliwasaidia Waturkana katika uvuvi. Nia ilikuwa njema. Njaa ilikuwa imeua mifugo, na samaki walikuwa tele katika ghuba ya Ferguson. Kikajengwa kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki, kikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilifanya kazi siku chache tu. Katika joto lile, umeme wa kupoza samaki pamoja na maji safi yaliyohitajika viligharimu kupita thamani ya samaki wenyewe. Kisha katikati ya miaka ya 1980 maji ya ziwa yakarudi nyuma, na ghuba ile ikakauka. Mwaka 1990 Kenya na Norway zikavunja uhusiano wa kibalozi, na msaada ukakatika. Jengo likabaki kuwa ghala. Wako watu waliohamia pwani na mifugo yao wakitumaini uvuvi, mifugo ikala nyasi hata zikaisha, wakabaki bila hiki wala kile.

Hatusemi hayo kuwacheka Wanorwei. Barabara ya lami iliyofika Lodwar ilitokana na msaada wao, na hata leo wako Waturkana wanaoishi kwa nyavu. Tena tazameni jinsi samaki wanavyohifadhiwa mpaka sasa: hupasuliwa, hutiwa chumvi, huanikwa juani, kisha husafirishwa hata kufika Kongo. Jua halidai malipo ya umeme. Mama yeyote wa Lowarengak angaliweza kusema hivyo, kama angaliulizwa.

Na mathenge je? Mti ule ulipandwa Turkana katika miaka ya 1980 ili kuzuia mchanga na kuwapa watu kuni. Leo umeziba malisho na kingo za mito. Kule Baringo watu walifika mahakamani kuushtaki mwaka 2006, wakaleta na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake. Kuni kweli zimepatikana, na makaa pia. Lakini mfugaji hakuulizwa kama mbuzi wake ataweza kuishi na mti huo.

Basi ikiwa serikali nzima yenye wataalamu iliweza kukosea namna hiyo, vijana kumi na wawili wa majuma mawili watafanya nini? Mara nyingi hupewa darasa la kupaka rangi. Twauliza: je, Lodwar hakuna mafundi wa rangi? Wako, tena wana watoto wa kulisha. Nauli ya kijana mmoja kutoka Ulaya ingalimlipa fundi huyo siku nyingi, na darasa lingalikuwa limekwisha. Au hupewa watoto wa kucheza nao na kupiga picha. Mtoto humzoea mgeni, humshika mkono, na siku ya kumi na nne mgeni huondoka. Mwaka ujao huja mwingine, naye mtoto huanza tena. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kutoka makao ya watoto hadi kwenye jamaa zao, au jamaa nyingine zitakazowalea. Kanisa linalofungua makao mapya kwa sababu wageni wanapenda kuyatembelea linakwenda kinyume cha mpango huo, na kinyume cha mtoto mwenyewe.

Tena kuna chakula. Nehemia alikuwa liwali Yerusalemu miaka 12, wala hakula mkate wa liwali, kwa kuwa mzigo wa watu ulikuwa mzito. Msidhani twasema mgeni akatae mbuzi aliyechinjiwa, maana Bwana aliwaagiza wale sabini wale walichoandaliwa, na kukataa ni kumtia mwenyeji aibu. Lakini wazee wanaopokea wageni na wajue ni mbuzi wa nani anayechinjwa. Akiwa ndiye mbuzi wa maziwa wa mjane, mgeni hatajua, na mjane hatasema. Wazee ndio wanaopaswa kusema.

Jambo zito zaidi ni kukaa. Wakati wa ukoloni Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, na ni baada ya njaa ya 1960 na 1961 wamisionari waliporuhusiwa kuingia kwa wingi. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960 daktari Dick Anderson na mkewe Joan, wa African Inland Mission, walikwenda Lokori, kusini mwa Turkana. Na hakuwa Mzungu tu aliyekwenda. Mzee Peter Mualuko Kisulu, Mkamba, mwinjilisti wa Africa Inland Church, aliiacha nchi yake akaenda kuwahubiria Waturkana. Kwake pia Turkana ilikuwa ng'ambo: lugha nyingine, chakula kingine, jua lingine. Twashangaa kwamba makanisa yetu humtaja mara chache sana tunapozungumza juu ya kujitolea.

Huko Todonyang wenyewe wako ndugu zetu Wakatoliki wa Jumuiya ya Kimisionari ya Mtakatifu Paulo Mtume. Wamo mapadre na walei, Waafrika na Wazungu, waliojitoa kwa maisha yao yote. Mwezi wa Mei 2011 Waturkana zaidi ya 20 waliuawa katika mashambulio ya mpakani pale. Mwezi wa Februari 2025 wavuvi wengine wengi wakaripotiwa kuuawa au kupotea majini. Siku kama hizo vikundi vya wageni hufuta safari, nasi hatuwalaumu, maana wazazi wao wana haki ya kuogopa. Lakini maiti zinahitaji mtu wa kuzizika, na wajane wanahitaji mtu wa kukaa nao chini anayesema lugha yao. Kazi ya amani kati ya Mturkana na Mmerille haiwezi kufanywa na mtu ambaye pande zote mbili hazimjui kwa jina.

Twaweza pia kujifunza kutoka Kakuma, barabara ya kwenda Lokichoggio. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina watu zaidi ya 200,000 kutoka nchi nyingi. Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni lilianza kazi pale mwaka huohuo wa 1992. Ukiingia katika shule za kambi utawakuta walimu wengi ni wakimbizi wenyewe, wanaopokea posho ndogo isiyofanana na mshahara wa mwalimu. Wanafundisha darasa lililojaa kupita kiasi, kisha wanarudi kupanga foleni ya chakula kama wanafunzi wao. Hao nao wamejitolea, lakini hawapigwi picha za magazeti ya makanisa.

Sasa turudi kwenye ile barua. Wazee wajibu nini? Sisi tungejibu hivi. Tuandikieni kwanza mna ufundi gani: aliye muuguzi, aliye fundi wa pampu za maji za sola, aliye mwalimu wa walimu, huyo aje peke yake au na mwenzake mmoja, akae mwaka mmoja au miwili, na miezi ya kwanza asifanye ila kujifunza Kiturkana na kutembea na wenyeji. Afundishe mtu wa hapa kazi yake, na vipuri viwe vya namna inayopatikana Lodwar au Kitale. Ninyi wengine wa majuma mawili, njoni kama wageni, tusali pamoja, mtuone nasi tuwaone, wala tusiite hiyo kazi. Nauli za wale watakaobaki nyumbani zaweza kumlipa mwalimu mmoja. Marafiki wa kweli hawatakasirika wakijibiwa hivyo. Wakikasirika, ni heri tujue mapema.

Na washirika wetu wa Nairobi, Nakuru, Kitale na Eldoret, mlio na wauguzi na walimu waliostaafu wenye afya njema: ninyi hamhitaji viza. Andikeni kwa mchungaji wenu, naye aulize wazee wa makanisa ya Lodwar na Lokitaung wanachohitaji, kabla hamjafunga mizigo.

Tuombe. Ee Bwana, uwalinde wavuvi wa Todonyang wanaotoka alfajiri hii, Waturkana na Wamerille. Uwape nguvu walimu wa Kakuma. Uwaonyeshe vijana wanaotaka kuja mahali unapowahitaji, hata kama mahali hapo ni nyumbani kwao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.