Mtoto Asiwe Bubu Nyumbani Kwao

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), tunapenda wiki hii kuzungumza na wazazi, hasa kina mama, juu ya jambo linaloingia majumbani mwetu kwa mlango wa shule.

Alitujia mama mmoja hapa Malindi baada ya sala ya Alasiri, naye ana mtoto wa miaka mitano. Shuleni aliambiwa kwamba mtoto akitakiwa ashike Kiingereza upesi, nyumbani asizungumzishwe Kiswahili. Mama akatii. Lakini Kiingereza chake mwenyewe ni cha maneno ya kuhesabika: njoo, kaa, kula, nyamaza. Mazungumzo yake na mwanawe yakabaki kuwa amri hizo nne. Hadithi za usiku zikakoma, na mtoto akawa anamwitikia bibi yake kwa kutikisa kichwa tu. "Sheikh," akatuuliza, "nimekosa?"

Kutaka elimu si kosa. Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda mfupi. Na katika Surat Ar-Rum, aya ya 22, tofauti za lugha zetu zimehesabiwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Muislamu, basi, hana sababu ya kuiogopa lugha yoyote. Lakini Zayd hakuambiwa akiache Kiarabu chake. Lugha ya pili ni nyongeza, na nyongeza huwekwa juu ya kilichopo.

Mtoto anayesimuliwa na kuulizwa maswali hujenga fahamu zake kwa lugha anayoijua. Akisha kuelewa kwa Kiswahili maana ya "jana", "labda" na "kwa sababu", Kiingereza kitamtaka ajifunze maneno mapya tu, kwani maana anayo. Asiyekuwa na maana hizo kwa lugha yoyote ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Kusoma nako ni hivyo hivyo. Kiswahili husomwa kama kiandikwavyo, kwa hivyo mtoto hufahamu upesi kuwa herufi ni alama ya sauti, na akisha kulifahamu hilo hulichukua hata kwenye lugha nyingine.

Wala haya si maneno yetu peke yetu. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo lao katika miaka mitatu ya mwanzo ya shule ya msingi. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, umeshika njia hiyo hiyo hadi Gredi ya 3, Kiingereza kikiwa ni somo. Kuanzia Gredi ya 4, shule yenye mwalimu yaweza kumpa mtoto pia Kiarabu, Kifaransa, Kijerumani au Kichina.

Tukumbuke na majirani zetu. Kwa mtoto wa Ganze au Magarini anayezungumza Kigiriama kwao, Kiswahili chetu ndicho lugha ya pili. Watoto wetu wakimcheka kwa matamshi yake, nasi tukanyamaza, tunamtendea lile lile tunalolilalamikia.

Sisi walimu wa vyuo nasi tuna letu la kujibu. Tumewasomesha watoto juzuu kwa juzuu, wakasoma kwa sauti nzuri, lakini wengi wamekua hawajui maana ya wanayoyasoma ndani ya sala. Wanazuoni wetu walituonyesha njia nyingine. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, aliandika dini kwa Kiswahili ili watu wa kawaida waielewe, na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy akatoa tafsiri kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili mwaka 1969. Walikuwa mabingwa wa Kiarabu, wala hawakukiona Kiswahili kuwa duni. Katika Surat Ibrahim, aya ya 4, tunafundishwa kuwa kila Mtume alitumwa kwa lugha ya kaumu yake, ili awabainishie.

Tazameni pia vijana wanaouza vinyago ufuoni hapa Malindi. Wengi wanazungumza Kitaliano bila kukisomea darasani. Walikipata kwa kukitumia kila siku na wenye nacho, na hakuna aliyewaambia wasahau Kiswahili.

Basi mama yule tulimjibu hivi. Kiingereza mwachie mwalimu anayekijua. Wewe mpe mwanao Kiswahili kilichokamilika, chenye hadithi, vitendawili na adabu ya kuamkia wakubwa. Akirudi shuleni muulize amejifunza nini, umsikilize kwa lugha yoyote atakayokujibu. Na mwalimu akikataza lugha ya nyumbani, mwende wewe na baba yake, mumkumbushe kwa upole mtaala unasema nini. Tena usiku huu, kabla hajalala, msimulie hadithi, na bibi yake awepo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu ndimi za kheri na elimu yenye manufaa, na asitukatie mazungumzo baina yetu na wao. Amin.