Alasiri ya Mvua: Watoto Ndani ya Nyumba na Utulivu wa Mzazi

Katika Kiswahili, kitenzi kukinai kina ncha mbili. Mtu aliyekinai ni yule aliyetosheka na alichonacho. Lakini pia ni yule aliyekula kitu mpaka kikamchosha, asitake tena kukiona. Sidhani kama lugha ilikosea kuziweka maana hizo mbili ndani ya neno moja, na yeyote aliyewahi kufungiwa ndani na watoto watatu alasiri ya masika atakubaliana nami. Saa nane mvua inaanza na watoto wanashangilia; kufikia saa tisa na nusu wamekwisha kugombania mto, wameuliza mara saba kama mvua inakatika, na mzazi anaitafuta simu awape wanyamaze. Makala haya yanahusu namna ya kubaki katika maana ya kwanza ya neno hilo, au walau kuirudia kila tunapoteleza, na sababu zinazotufanya sisi tunaotibu watoto tulihesabu jambo hili kuwa la afya.

Katika ukanda wa pwani masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na katika jiji kama Dar es Salaam mvua hubadili ratiba ya kila mtu. Wafanyakazi wengi huondoka nyumbani kabla jua halijachomoza na kurejea watoto wakiwa wamelala. Kwa familia za namna hii, mvua ya Jumamosi hufuta kikao cha harusi, saluni na fundi wa gari kwa mkupuo mmoja, ikawaacha wazazi na watoto chini ya bati moja, bila mahali pa kwenda. Ni saa chache tu, na hakuna aliyezipanga.

Mama mmoja aliniuliza kliniki, huku akimfunga mwanawe mgongoni kwa kanga: "Daktari, wenzetu wana vitabu vya picha na midoli ya kufundishia. Sisi mvua ikinyesha tunakaa tu ndani, tunachambua mchele, tunapiga hadithi. Huyu hatabaki nyuma?" Swali hili nimelisikia kwa sura nyingi, kutoka kwa wazazi wenye kipato na wasio nacho. Hofu iliyomo ndani yake ni ya kweli na haistahili kujibiwa kwa tabasamu.

Tuanze na huo mchele. Mtoto wa miaka miwili aliyeketi kando ya ungo anaona kidole gumba na cha shahada cha mama vikiokota kijiwe. Anajaribu naye. Anainua alichokipata na kumwonyesha. Mama anatazama na kusema, "Hilo jiwe, litupe kule," au, "Huo ni mchele, urudishe." Mtoto anacheka, anaokota tena. Katika dakika moja amefanya mazoezi ya misuli midogo ya mkono, amejifunza kutofautisha vitu, amesikia maneno yanayolingana na kile anachokishika, na, kubwa kuliko yote, ametuma ujumbe na ukajibiwa. Mtoto anapofikisha miaka 5, ubongo wake huwa umekaribia asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na sehemu kubwa ya mtandao wake hujengwa na kuimarishwa na majibizano madogo ya aina hii.

Ndiyo maana Mfumo wa Malezi Jumuishi, uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia, unayaweka malezi yenye mwitikio katika safu moja na afya, lishe, usalama na ujifunzaji wa awali. Tanzania nayo ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto mnamo Desemba 2021, kwa msingi huohuo.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston, watafiti akiwamo Sally Grantham-McGregor waliwaandikisha watoto 129 wenye udumavu, wa umri wa kati ya miezi 9 na 24. Baadhi ya familia zilitembelewa na mhudumu wa afya ya jamii kwa takriban saa moja kila wiki, kwa miaka miwili. Mhudumu hakuleta mashine. Alikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono, akamwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe, kuzungumza naye na kumsifu. Miaka 20 baadaye, watoto hao wakiwa watu wazima, kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 25 kuliko cha wenzao ambao familia zao hazikufundishwa michezo hiyo. Mama wa ungo hakuhitaji kununua chochote. Alihitaji kujua kwamba anachokifanya kina jina na kina uzito.

Lakini mzazi anayesoma haya asije akaigeuza alasiri ya mvua kuwa darasa. Huo nao ni ugonjwa, na siku hizi umeenea mijini: kila mchezo lazima ufundishe herufi, kila hadithi iishe kwa maswali. Mwitikio ninaouzungumzia ni wa kawaida zaidi. Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick aliwaomba akina mama wacheze na watoto wao wachanga kama kawaida, kisha wawatazame kwa dakika chache bila kubadili uso wala kutoa sauti. Watoto walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakapiga kelele, wakijaribu kila mbinu kumrudisha mama. Wasipofaulu waligeuza uso pembeni na kunywea. Mzazi aliyezama katika simu huvaa uso wa namna hiyo bila kukusudia. Hata hivyo, kazi zilizofuata za mtafiti huyohuyo zinafariji: hata katika jozi za mama na mtoto zenye afya njema, wawili hao huwa wamelingana kwa chini ya nusu ya muda wanaokuwa pamoja. Muda uliobaki wanapishana, kisha wanatafutana. Kutafutana huko ndiko kunakomjenga mtoto, kwani hujifunza kwamba kilichovunjika kinarekebishika.

Nyumbani kwangu tuna watoto watatu: wa miaka 9, wa miaka 5 na kitindamimba wa miaka 2. Masika yaliyopita umeme ulikatika mvua ikiwa imeshika kasi, na runinga ikazimika katikati ya katuni. Kwa muda wa kama dakika 20 nyumba ilijaa malalamiko matupu. Mama yao alikuwa akishona vifungo vya sare za shule karibu na dirisha, mimi nilikuwa na ripoti ya kusahihisha, na hatukuwapangia lolote. Hatimaye mkubwa akaenda kuleta kokoto alizokuwa amezificha ndani ya soksi, akaketi sakafuni na kuanza mdako peke yake. Wa kati alisimama mlangoni akitazama maji yanavyomezwa na udongo, kisha akauliza, "Baba, mvua ikishaingia ardhini inakwenda wapi?" Nikamrudishia swali: yeye anadhani inakwenda wapi? "Inakwenda kwa bibi," akasema, "kwenye kisima." Kwa mtu ambaye hajasoma jiolojia, alikuwa karibu sana na ukweli. Jioni ilipoingia mkubwa alianza kutega vitendawili, na kitindamimba, aliyekuwa amejifunza jibu moja tu, akawa anajibu kila kitendawili kwa sauti kuu: "Yai!"

Sikufanya kazi nyingi alasiri ile, lakini nilifanya kiasi, na vifungo vyote vilishonwa. Donald Winnicott, daktari wa watoto aliyehudumu kwa takriban miaka 40 katika hospitali ya Paddington Green, London, aliandika mwaka 1958 kuhusu uwezo wa mtu kuwa peke yake. Hoja yake inashangaza: uwezo huo hujengeka utotoni, mtoto anapokuwa peke yake karibu na mtu anayemwamini. Mtoto anacheza mdako wake, mama anashona. Hakuna anayemhudumia mwenzake, lakini kila mmoja anajua kwamba mwingine yupo. Mtu mzima anayeweza kuketi na nafsi yake bila kutapatapa aliwahi kuketi hivyo, kandokando ya cherehani au jiko la mtu fulani. Kwa hiyo uchovu ule wa dakika 20, ambao wazazi wengi huukatiza kwa skrini, una faida yake ukiachwa upite. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi skrini kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, na kwa wa miaka 2 hadi 4 unaweka ukomo wa saa 1 kwa siku. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa mwaka 1 hadi 2 apate usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, ukihesabu na ule wa mchana, na sijui dawa ya kumlaza mtoto mchana inayoishinda mvua juu ya bati.

Mfumo wa neva wa mtoto mdogo bado haujaweza kujituliza wenyewe; huazima utulivu wa mtu mzima aliye karibu, kwa sauti yake, upumuaji wake, mapigo ya moyo wake anapompakata. Radi inapopiga, mtoto haangalii mbingu kwanza. Anaangalia uso wa mzazi. Kwa sababu hiyo kuridhika kwa mzazi si anasa anayojiibia wakati watoto wamesahaulika. Ni sehemu ya kile anachowalisha. Mzazi aliyekubali kwamba leo hakuna safari, nguo hazitakauka na deni litalipwa wiki ijayo, akaketi mkekani na kikombe cha chai ya mchaichai, huenda ndiye anayetoa huduma bora ya siku hiyo. (Chai yenyewe ikae mbali na ukingo wa meza, kwani majiko na vikombe vya moto ndivyo vinavyotuletea watoto wengi wenye majeraha ya moto. Na karanga za kutafuna pamoja na chai, zikiwa nzima, asipewe aliye chini ya miaka 5: zinakaba.)

Utulivu, hata hivyo, hauji kwa kuamriwa. Kuna mzazi anayesikia watoto wake wakicheka na ndani yake pakawa patupu. Hali hiyo ikidumu kwa wiki mbili au zaidi, hasa baada ya kujifungua, ni dalili ya sonona; inatibika, na mahali pa kuipeleka ni kituo cha afya.

Na kuna paa. Katika bonde la Msimbazi, wingu jeusi la alasiri huwafanya watu wahesabu watoto na kuinua magodoro. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 katika jiji hili, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mtoto aliyebebwa begani usiku kupitia maji huisikia mvua kwa namna nyingine kabisa, pengine kwa miaka mingi, na mimi siwezi kumwandikia mama yake utulivu kama ninavyoandika dozi ya paracetamol. Mifereji ya maji, kuta imara na makazi salama vimo katika tiba ya watoto, ingawa havitolewi dirisha la famasia.

Hata paa likiwa zima, kuna hatari inayoingia ndani pamoja na sisi. Siku za kawaida mapishi ya mkaa hufanyika uani. Mvua ikija, jiko huhamishiwa koridoni au chumbani, na madirisha hufungwa ili maji yasirushwe ndani. Katika nyanda za baridi kama Njombe na Makete, jiko huachwa makusudi lipashe chumba joto. Mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, huhisi kichefuchefu na kulegea, kisha husinzia. Na mtoto aliyesinzia alasiri ya mvua hamshangazi mtu. Jiko likiwaka ndani, mlango au dirisha viwe wazi, hata kama sakafu italowa. Na hakuna anayelala chumbani mlimo na jiko, hata lililofunikwa majivu. Watu wawili wakilalamika kichwa kwa wakati mmoja, wote watoke nje kwanza, mvua au hakuna mvua, kisha waende hospitali.

Mvua ikikatika, watoto watataka kutoka, na watoke. Mitaro iliyojaa na nyaya za umeme zilizoanguka si mahali pao, lakini uani kuna kazi wanayoiweza. Aedes, mbu wa homa ya dengi, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana katika maji machache yaliyotuama karibu na nyumba, na huhitaji kama wiki moja tu kutoka yai hadi kuruka. Mpe mkubwa ndoo, wa kati makopo, na mdogo vifuu vya nazi. Wazunguke nyumba wakimwaga kila maji wanayoyakuta, pamoja na yale ya ndani ya tairi la zamani, ambalo mtu mzima ataliinamisha. Watarudi na matope mpaka magotini.