Nani Alimwambia Mwenye Duka?

Tangu tarehe 1 Januari 2026, biashara zilizosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani nchini Ubelgiji zinatakiwa kutumiana ankara za kielektroniki, kwa kawaida kupitia mtandao uitwao Peppol. Karatasi haitoshi, wala PDF ya barua pepe. Faini ni euro 1,500 kwa kosa la kwanza, 3,000 kwa la pili, na 5,000 kwa yanayofuata. Hata mwenye duka anayewauzia walaji tu lazima aweze kupokea ankara za wauzaji wake wa jumla.

Sisi wa kampasi ya Etterbeek (ambayo kwa mipaka ya manispaa iko Ixelles, lakini hilo tuliache) tunayatazama haya kwa macho ya wateja. Barabara ya Chaussée de Wavre inaanzia Porte de Namur, inapita Matonge, mtaa uliorithi jina la mtaa wa Kinshasa, kisha inaingia Etterbeek. Huko ndiko tunakonunua unga na mihogo. Katika duka dogo, mtu mmoja ndiye meneja, ndiye karani, ndiye mpokea mzigo. Hana idara ya kompyuta. Basi teknolojia mpya inamfikia kupitia nani?

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza kwamba habari mpya mara nyingi hutujia kupitia watu tunaofahamiana nao juu juu, kwa kuwa jamaa wa karibu wanajua yale yale tunayoyajua sisi. Upatu, ambao Wakongo huuita likelemba, unaweza kumpa mwenye duka fedha za friji. Lakini wanachama wote wakiwa na maduka ya aina moja na marafiki wale wale, nani atawaletea habari za Peppol? Mhasibu anayehudumia kinyozi, mgahawa na fundi bomba anazo. Kwa maoni yetu, huyo ndiye kiungo kinachosahauliwa kuliko vyote.

Tatizo jingine ni ushindani. Jing Cai na Adam Szeidl walichukua kampuni changa zaidi ya 2,800 nchini China, wakawaweka baadhi ya mameneja katika vikundi vidogo vilivyokutana kila mwezi kwa mwaka mmoja. Kwa mujibu wa makala yao ya 2018, mapato ya waliokutana yalizidi ya wenzao kwa takriban asilimia 8. Ila habari zilipita vizuri zaidi kati ya wasioshindana. Si ajabu! Muuza vitenge hana haraka ya kumfundisha muuza vitenge wa mlango wa pili, atamfundisha kinyozi.

Mwaka huo huo, Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson walichapisha utafiti wa Dandora, Nairobi. Wanawake wenye biashara ndogo waliounganishwa na mfanyabiashara mzoefu wa mtaani kwao waliongeza faida kwa wastani wa asilimia 20. Waliopewa masomo ya darasani hawakupata ongezeko hilo. Mzoefu alijua mambo ya pale pale, kwa mfano wapi mzigo unapatikana kwa bei nafuu. Walipoacha kuonana, nafuu nayo ikafifia. Utafiti ule haukuhusu mashine, lakini tunaousoma tunamkumbuka wakala wa M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya Machi 2007: wangapi nyumbani walijifunza kwa kijitabu, na wangapi kwa kumuuliza wakala dirishani?

Hapa kwetu kuna na suala la maneno. Matangazo ya serikali huja kwa Kifaransa na Kiholanzi. Mtu wa Bukavu huenda akakielewa Kifaransa vizuri. Wa Mombasa au Dar es Salaam atahitaji mtu wa kumweleza, na mwelezaji mwenyewe lazima asichanganye ankara na risiti. Risiti inathibitisha kwamba umelipa. Ankara inakudai, na hiyo ndiyo inayopita Peppol.