Dua ya Safari na Upepo wa Matairi



Alfajiri moja ya Mfungo Sita tulikuwa tukiwapeleka wanafunzi wa chuo katika maulidi ya mji wa mbali. Gari la kukodi lilikwisha jaa watoto nilipoona kwamba tairi moja la nyuma limelegea. Nikamwambia dereva. Akacheka, akanijibu, “Maalim, wewe tusomee dua tu, Mungu atatufikisha.” Nami kwa haya nikasoma dua, nikanyamaza. Tulifika salama, alhamdulillahi. Walakini tangu siku ile nafsi yangu hunilaumu, kwani watoto wale walikuwa amana mikononi mwetu sote wawili.

Imepokewa katika kitabu cha Tirmidhi kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache huru na kutawakali. Mtume akamwamuru amfunge, kisha atawakali. Basi na tutazame kamba ya ngamia wa leo ni ipi.

Kinachobeba uzito wa gari si mpira wenyewe, bali ni upepo ulioshindiliwa ndani yake. Tairi linapogusa barabara hubonyea, na likiinuka hunyoka tena. Katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gurudumu la gari dogo huzunguka zaidi ya mara 800 kwa dakika. Upepo ukipungua, mbavu za tairi hukunjika kupita kiasi, na kukunjwa huko huzaa joto, mfano wa waya unaokunjwa na kukunjuliwa kwa vidole. Katika mwendo wa pole joto hupata nafasi ya kutoka. Katika mwendo wa kasi halipati. Ndipo matabaka ya mpira na nyuzi za chuma huachana, na tairi hupasuka ghafla. Kadhalika wakati wa mvua, tairi lililolegea hushindwa kuyasukuma maji, likaelea juu yake.

Amma kuzidisha upepo nako si dawa. Tairi lililojaa mno hukanyaga barabara kwa sehemu ya katikati tu, nguvu zake za kushika hupungua, na likipiga shimo kwa kasi huumia upesi.

Yaliyotokea Marekani yawe mazingatio kwetu. Mwezi wa Agosti 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kurejeshwa kwa matairi milioni 6.5, mengi yao yakiwa katika magari ya Ford Explorer. Ford ilikuwa imeagiza upepo wa ratili 26 kwa kila inchi ya mraba. Firestone ikataka uwe 30. Wachunguzi wa serikali waliona kasoro katika matairi yenyewe, lakini upepo mchache, joto la nchi na mwendo wa kasi viliongeza hatari. Watu 271 walihesabiwa kufa. Mwaka ule ule sheria ikapitishwa, na tangu Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa huko hapana budi liwe na taa ya kumwonya dereva upepo unapopungua.

Basi yatupasa nini? Pima upepo asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa baridi. Fuata kipimo kilichoandikwa penye mlango wa dereva. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ukomo wake tu. Gari likijaa watu na mizigo, tazama kama limeagiziwa upepo zaidi. Njiani tairi likipata moto usilipunguze upepo, kwani likipoa litabaki limepungukiwa. Na likipasuka, shika usukani imara, ondoa mguu kwenye mafuta, wala usikanyage breki kwa nguvu.

Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia katika maangamizo. Dereva anayejua na akapuuza, na abiria anayeona na akanyamaza kwa haya, wote wataulizwa. Siku hizi, kabla watoto hawajapanda, mimi humwomba dereva kipimo cha upepo. Wengine hununa. Hungoja mpaka tairi la nne lipimwe, ndipo nikainua mikono kuomba dua.

Wabillahi tawfiq.