Lango la Barua: Mbao za Matangazo za Kompyuta na Mtandao Mpana

Msomaji wa Kindu hahitaji kufundishwa maana ya kupakua na kupakia upya. Shehena iliyotoka Kisangani ilisafiri kilomita 125 kwa reli hadi Ubundu, kwa sababu maporomoko yaliziba njia ya mto. Hapo ikatiwa melini ikapanda Lualaba hadi Kindu, kisha ikarudi relini kuelekea Kongolo. Mzigo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni chombo, hati, na mwenye kulipa nauli. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi barua za kompyuta zilivyosafirishwa Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa utaratibu wa namna hiyo, na hasa ni nani aliyegharimia safari.

Ubao wa matangazo ulikuwa kompyuta moja ya kawaida, aghalabu nyumbani kwa mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa mapenzi tu, iliyounganishwa na simu kwa modemu. Mgeni alipiga simu, akasoma ujumbe ulioachwa na wenziwe, akaacha wake, akakata. Kila ubao ulikuwa kisiwa. Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco alitunga programu iliyowezesha ubao wake na mwingine wa Baltimore kupigiana simu usiku, wakati gharama ni nafuu, na kubadilishana barua bila mtu kuwapo. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mtandao wa FidoNet. Dunia iligawanywa kanda, na Afrika ikapewa kanda ya 5.

Kilichokuwa mchezo wa usiku huko Marekani kiligeuka kuwa nyenzo ya kazi huku kwetu. Programu hiyo haikudai mashine kubwa wala laini ya kudumu. Barua zilibanwa katika furushi moja, na simu ilipokatika (nayo ilikatika mno) upokezi uliweza kuendelea pale ulipokomea badala ya kuanza upya. Mjini Nairobi kituo kiliwekwa katika Environment Liaison Centre International. Mjini Kampala, katika Chuo Kikuu cha Makerere. Vyote viliwasiliana na GreenNet ya London, ambako Karen Banks alilisimamia lango.

Lango ndilo lililokuwa Ubundu ya safari hii. FidoNet ilimtambua mtu kwa jina na tarakimu za kanda, mtandao na kituo. Intaneti ilimtambua kwa anwani yenye alama ya @. Kompyuta ya London ilifungua furushi, ikaandika anwani upya, ikaipeleka kila barua njia yake. Mtu wa Toronto aliyemwandikia mhadhiri wa Makerere alitumia anwani iliyoishia kwa mukla.gn.apc.org, wala hakuwa na haja ya kujua kwamba barua ingelala London ikingoja simu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kupiga simu Ulaya kutoka Afrika kulikuwa ghali kuliko kupiga kutoka Ulaya, na kwa hiyo mara nyingi ilipangwa London ndiyo ipige. Hata hivyo, kila dakika ilikuwa na mlipaji. Mwandishi wa Toronto aliyetuma kitabu kizima hakuhisi chochote. Kituo kilichopokea kiliweza kumaliza fedha za wiki kwa usiku mmoja. Ndiyo maana vituo vilipiga marufuku barua ndefu, na wasimamizi wakajikuta na madaraka ya kuamua ya nani ipite. Sioni kwamba walikosea, ila ni madaraka ambayo tarishi wa posta hakuwa nayo.

Kwa wanaisimu kuna jambo dogo la kufurahisha. Herufi za Kifaransa zenye alama, kama é na ç, ziliweza kuharibika langoni zikawa michoro isiyosomeka. Kiswahili, kisichohitaji zaidi ya herufi za kawaida na kibainishi cha ng', kilipita salama.

Je, Kindu? Utaratibu wote ulitegemea simu inayolia, na kwa sehemu kubwa ya Maniema hiyo haikuwapo. Ujumbe ulipita kwa foni, yaani redio ya masafa marefu, ukisemwa kwa sauti na kusikiwa na kila aliyefungulia masafa yale. Kulikuwa na njia nyingine kimsingi: setilaiti HealthSat-2, iliyorushwa mwaka 1993 kwa ajili ya shirika la SatelLife, ilipita juu ya nchi mara kadhaa kwa siku, ikichukua barua za madaktari kutoka vituo vya ardhini na kuzishusha kwingine, bila waya. Lakini kituo cha ardhini kilihitaji umeme, fundi na kibali. Na hata palipokuwa na kituo, barua nyingi zilimalizia safari zikiwa karatasi: zilichapwa, zikakunjwa, zikapelekwa kwa miguu hadi mlangoni kwa mwenyewe.